Madufu Yetu Katika Studio

Ufikapo Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), sauti ya dufu huenea katika miji ya pwani yetu tokea Lamu hata Kilwa. Husikika katika maulidi, harusini, na katika hafla za vyuo vyetu. Zamani sauti hiyo ilikuwa na mpaka wake: ilikoma pale iliposhindwa na umbali, na usiku ulipokwisha nayo ikaisha. Leo haina mpaka. Kijana huibeba katika simu yake mfukoni, na mama aliye jikoni Maskati au London husikiliza kaswida iliyopigwa Tanga juzi. Kati ya mkono wa mpigaji na sikio la mama huyo pana chumba kimoja kidogo, nacho ni studio. Na pana mtu mmoja aketiye mbele ya kompyuta, naye ni fundi wa sauti. Yafanyikayo katika chumba hicho ndiyo watakayoyasikia wajukuu wetu. Kwa hiyo tumeona vema mwezi huu tuwaeleze wasomaji wetu, wazee kwa vijana, jinsi sauti ya dufu inavyonaswa na kuchanganywa, na nini kipatikanacho na nini kipoteacho katika kazi hiyo.

Kabla ya kuendelea yafaa tuseme neno moja. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya ala za muziki, na hitilafu hiyo haitakwisha kwa makala yetu. Ama dufu lina habari yake. Katika vitabu vya Bukhari na Muslim imepokewa habari ya wasichana wawili waliokuwa wakiimba na kupiga dufu nyumbani kwa Bibi Aisha katika siku za Idi. Sayyidna Abubakar alipowakemea, Mtume (s.a.w.) alimwambia awaache. Na kule Lamu, katika Msikiti wa Riyadha, Habib Swaleh aliyefariki mwaka 1936 aliyatia matari katika usomaji wa maulidi. Walikuwapo waliompinga na walikuwapo waliomfuata, na hata leo maulidi ya Riyadha husomwa kwa matari. Basi aonaye kwamba kaswida ni bora bila ya ala yoyote, twamheshimu. Maneno yetu ni kwa wale ambao tayari wanapiga, na ambao tayari wanakwenda studio.

PEMBE, SINDANO NA MAIKROFONI

Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani aliunda mashine ya kwanza iliyoweza kunasa sauti na kuirudisha. Kwa karibu miaka 50 baada ya hapo kazi hiyo ilifanywa bila ya umeme. Waimbaji na wapigaji walikusanyika mbele ya pembe kubwa ya bati. Upepo wa sauti zao uliingia katika pembe, ukatikisa sindano, na sindano ikachora mfereji mwembamba juu ya nta. Hapo ngoma ilikuwa adui. Pigo moja zito liliweza kuirusha sindano nje ya mfereji wake na kuiharibu kazi yote. Mwaka 1923, katika mji wa Richmond jimboni Indiana, mpigaji maarufu Baby Dodds alikwenda kurekodi pamoja na kundi la King Oliver. Ngoma yake kubwa haikuruhusiwa kulia. Akapiga vipande vya mbao badala yake. Asikilizaye sahani zile leo akadhani kwamba watu wale hawakuwa na ngoma kubwa, hudanganyika. Ngoma ilikuwapo, ila mashine haikuiweza.

Mwaka 1925 umeme na maikrofoni vilichukua mahali pa pembe, na hapo ngoma zikaanza kusikika vizuri zaidi. Mwaka 1928 Bibi Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hata Bombay, wakarekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya His Master's Voice. Lakini mpaka mwingine ulibaki: upande mmoja wa santuri za zama zile ulichukua dakika tatu au zaidi kidogo tu. Wimbo uliozoea kujinyoosha kwa raha zake katika baraza ya usiku ilibidi ukatwe upate kuenea katika sahani.

Tumeyataja haya ili vijana wetu wafahamu jambo moja kubwa. Mashine ya kunasia sauti haikupata kuwa shahidi asiyependelea. Kila zama, mashine na aiendeshaye huchagua: kipi kisikike, kipi kinyamazishwe, kipi kikatwe. Zamani pembe ya bati ndiyo iliyochagua. Leo achaguaye ni fundi, na mara nyingi ni sisi wenyewe tuliomlipa.

NGOMA ZA LUBIRI

Wako watakaouliza: kuna haja gani ya kusumbuka hivi kwa ajili ya dufu? Madufu yapo, na wapigaji wapo. Jibu tunalipata kwa majirani zetu wa Uganda.

Katika kasri la Kabaka wa Buganda, Lubiri, mjini Kampala, palikuwa na ngoma ziitwazo entenga. Zilikuwa ngoma 15 zilizopangwa kwa ukubwa. Ndogo 12 kati yake zilikazwa ngozi kwa sauti mbalimbali hata zikaweza kutoa wimbo kamili. Watu wanne walipiga hizo, na wawili wengine wakapiga kubwa tatu. Katika safari zake za mwaka 1950 na 1952 Bwana Hugh Tracey alifika Uganda na mitambo yake, akairekodi miziki ya kasri la Kabaka. Hakuwa na studio wala maikrofoni nyingi. Alikuwa akiishika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe, akiisogeza na kuielekeza kama mtu amulikaye taa, ili sikio la msikilizaji lifike pale penye jambo.

Mwezi wa Mei 1966 kasri lile lilishambuliwa na majeshi ya serikali. Kabaka Mutesa II alikimbia, akafariki London mwaka 1969. Ngoma nyingi ziliharibiwa, na wapigaji waliorithi kazi hiyo kwa baba zao wakatawanyika. Mwaka uliofuata falme zote za Uganda zikafutwa, na ufalme wa Buganda haukurudishwa ila mwaka 1993. Muda huo wote, mtu aliyetaka kusikia jinsi entenga ya kasri ilivyolia alikuwa na mlango mmoja wa kupitia, nao ni kanda zilizonaswa kabla ya msiba ule.

Ngoma za mfalme si dufu la maulidi, lakini funzo ni moja. Walioketi mbele ya maikrofoni mwaka 1952 hawakujua kwamba miaka 14 baadaye kasri lao litawaka. Nasi hatujui. Huenda mzee apigaye dufu la kuongoza katika mtaa wenu akawa ndiye wa mwisho ajuaye mapigo fulani, na mauti hayapigi hodi. Ikiwa kilichonaswa ni mkono wake hasa, amana imehifadhika. Ikiwa kilichonaswa ni kivuli tu kilichotengenezwa na kompyuta, basi tumehifadhi jina na kupoteza kitu chenyewe.

NGOZI, HEWA NA CHUMBA

Dufu ni chombo chepesi: duara la mbao lenye ngozi, ya mbuzi mara nyingi, iliyowambwa upande mmoja, na upande wa pili u wazi. Pigo la katikati hutoa sauti nzito; pigo la ukingoni hutoa sauti kali na kavu. Na matari mengine yana visahani vya shaba vitoavyo mlio wa juu kabisa. Kwa hiyo chombo kimoja hubeba sauti za chini, za kati na za juu kwa pamoja, na hiyo ndiyo sababu ya ugumu wa kulinasa.

Kila mpigaji ajua kwamba ngozi haisahau hewa. Wakati wa mvua hunyonya unyevu, ikalegea, na sauti ikazama. Ndipo wazee wetu wakaliota dufu kwenye jua au kwenye makaa kabla ya kuanza. Lakini wachache huikumbuka desturi hiyo waingiapo studio. Hewa ya kiyoyozi ni kavu. Dufu lililotoka nje penye unyevu wa bahari likaingia katika chumba hicho hukazika kidogo kidogo kila dakika ipitayo, hata sauti ya wimbo wa kwanza ikawa si sauti ya wimbo wa nne. Dawa yake ni nyepesi: madufu yaingizwe chumbani nusu saa kabla, yatulie, kisha ndipo yakazwe na kulinganishwa.

Chumba nacho ni nusu ya chombo. Kuta tupu za saruji hurudisha sauti kwa ukali, kila pigo likawa kama mapigo matatu. Mafundi wengi wa mitaani hubandika trei za mayai ukutani wakadhani wamemaliza kazi. Trei hizo hupunguza kidogo sauti za juu, lakini hazizuii sauti nzito ya dufu, wala hazizuii kelele za bodaboda zitokazo nje. Na zikishika moto huwaka upesi. Mazulia mazito, magodoro, mablanketi yaliyotundikwa mbali kidogo na ukuta, na makabati yaliyojaa vitabu hufaa zaidi. Na pangaboi lizimwe wakati wa kurekodi, japo joto lisumbue. Uvumi wake hauonekani wakati madufu yanalia, bali hudhihiri pale yanaponyamaza na msomaji akabaki peke yake.

KARIBU AU MBALI?

Hapa wamegawanyika mafundi wa dunia nzima, na kila upande una hoja yake. Twawataja wanamuziki wa Uingereza kwa sababu ya ufundi wao tu, si kwa sababu ya nyimbo zao.

Katika studio za EMI huko Abbey Road, London, kulikuwa na kanuni kwamba maikrofoni isisogezwe karibu mno na ngoma kubwa, isije ikaharibika kwa upepo wa pigo. Mwaka 1966 fundi kijana Geoff Emerick, akiwarekodi Beatles, aliivunja kanuni hiyo. Aliiweka maikrofoni karibu kabisa na ngoma, na akatia sweta la sufi ndani yake ili sauti isivume. Ngoma ikasikika nzito na kavu, kana kwamba yapigwa kifuani mwa msikilizaji. Wengine wakafuata njia ya pili. Kwa albamu ya Led Zeppelin iliyotoka mwaka 1971, fundi Andy Johns aliiweka ngoma chini katika ukumbi wa nyumba kubwa ya kale iitwayo Headley Grange, akazitundika maikrofoni mbili juu katika ngazi. Hapo kilichonaswa ni ngoma pamoja na nyumba yake.

Ama kwa madufu, twaona njia ya mbali yapasa kuwa ndiyo msingi. Dufu la kaswida halipigwi na mtu mmoja. Watu wanane huketi jamvini nusu duara. Mmoja huongoza, wengine hushika, na wengine hujibu. Sauti ya kikundi huzaliwa mbele yao hewani, pale mapigo yote yakutanapo, si juu ya ngozi ya dufu lolote moja. Maikrofoni mbili nzuri, zilizowekwa mbele yao kiasi cha mita mbili na juu kidogo ya vichwa vyao, hulinasa kundi zima kama alivyolisikia mtu aliyeketi nalo. Kisha maikrofoni ya tatu ya karibu yaweza kuongezwa kwa dufu la kuongoza tu, ili pigo lake lipate makali.

Atakaye kumwekea kila mpigaji maikrofoni yake na ajihadhari. Sauti husafiri mita moja kwa muda wa karibu elfu tatu za sekunde. Pigo la mpigaji wa kwanza litaingia katika maikrofoni yake mwenyewe, kisha litaingia tena, limechelewa kidogo, katika maikrofoni ya jirani yake. Zikichanganywa hizo mbili, mawimbi yake huweza kupingana na kufutana, na dufu lililokuwa zito likasikika jembamba kama mkebe. Kanuni ya mafundi ni kwamba umbali kati ya maikrofoni na maikrofoni uwe angalau mara tatu ya umbali kati ya maikrofoni na chombo chake.

Vivyo hivyo ikiwa dufu moja limewekewa maikrofoni mbili, moja mbele ya ngozi na moja upande ulio wazi. Ngozi iingiapo ndani huivuta hewa ya mbele na kuisukuma hewa ya nyuma. Maikrofoni hizi mbili huona jambo moja kwa kinyume, na fundi asipogeuza mkondo wa mojawapo, kila moja itaila sauti ya mwenzake. Kijana afanyaye kazi hii ajifunze kukibonyeza kitufe hicho na kusikiliza: upande ule ambao sauti ya chini inanona, ndio sawa.

Na jambo la mwisho katika kurekodi: sauti isipandishwe hata ikagonga dari. Pigo la dufu huruka ghafula, na mitambo ya siku hizi haina huruma. Sauti ikizidi kipimo cha juu hupasuka, na iliyopasuka hairudi. Acheni nafasi ya kutosha. Sauti ndogo yaweza kukuzwa baadaye.

HERUFI ZISIZAME

Sasa tumefika penye kuchanganya, yaani kuziweka pamoja sauti za wasomaji na za madufu, na kuamua ipi iwe mbele na ipi iwe nyuma. Sisi tuliokaa miaka mingi mbele ya watoto tukiwasahihisha matamshi ya herufi tuna neno la kusema hapa, ambalo huenda fundi hakufundishwa.

Kaswida ni maneno. Yamo majina ya Mwenyezi Mungu, zimo sala za Mtume, zimo dua. Katika Kiarabu herufi moja hugeuza maana. *Qalb* ni moyo, na *kalb* ni mbwa. Kilichopo kati yao ni herufi moja itokayo mbali kooni na nyingine itokayo mbele yake kidogo. Watoto wetu hupigania tofauti hiyo kwa miaka. Kisha kaswida yao hupelekwa studio, madufu yakapandishwa juu, na msikilizaji aliye mbali hapambanui tena *sin* na *sad*.

Sababu yake yajulikana. Uzito wa dufu hukaa chini, mitikiso isiyozidi 200 hivi kwa sekunde, na huko hausumbui sana. Lakini mlio mkali wa ukingo wa dufu na mlio wa visahani vya shaba hupanda juu, katika mitikiso 2,000 hata 4,000 na zaidi, na hapo ndipo lilipo sikio la mtu lilipo hodari kuliko kote, na ndipo yalipo makali ya herufi nyingi. Basi fundi mwerevu hatalinyamazisha dufu lote. Atapunguza kidogo makali yake katika sehemu hiyo tu, na uzito wake wa chini atauacha ulivyo. Kadhalika atawapanga wapigaji kushoto na kulia kama walivyoketi jamvini, na msomaji atamweka katikati, ili kila sauti ipate mahali pake pa kukaa.

Mwangwi nao una kiasi. Vijana wetu hupenda kaswida isikike kama iliyosomwa katika msikiti mkubwa wenye kuba. Mwangwi kidogo huipa sauti uhai. Ukizidi, mkia wa pigo la kwanza hulifunika pigo la pili, na mkia wa neno hulifunika neno lifuatalo. Na kiko chombo kiitwacho kompresa, kazi yake ni kuzishusha sauti zilizoruka ili zikaribiane na zile za chini. Kikitumiwa kwa kiasi hulituliza dufu. Kikitumiwa kupita kiasi, pigo dogo na pigo kubwa huwa sawa, na wimbo wote ukawa ukuta mmoja usio na mlango. Wengine hufanya hivyo makusudi, wapate kusikika kwa nguvu kuliko wenzao. Hilo halina faida, kwa sababu YouTube na Spotify huzishusha zenyewe sauti zilizopandishwa mno.

Kipimo chetu ni hiki. Mchanganyo ukiisha, aitwe mtu asiyeijua kaswida hiyo, asikilize kwa simu ndogo, kisha ayaandike maneno aliyoyasikia. Akiweza, kazi imekwisha. Asipoweza, madufu yateremke.

MTU MMOJA MARA NANE

Limebaki jambo linalotusikitisha kuliko yote. Kikundi kimoja cha vijana tunachokijua kilikusanya fedha kwa miezi kadhaa, kikaenda studio na wapigaji wanane. Fundi akawaambia wapigaji saba wangoje nje. Alimwingiza mmoja, akamvisha hedifoni zenye mlio wa saa, akamrekodi kwa muda mfupi, kisha akaikata sauti yake, akainakili mara nane, na kuyapanga mapigo yote katika mistari ya kompyuta hata pasiwe na pigo lililotangulia wala lililochelewa. Kazi ilikwisha kabla ya alasiri. Iliposikilizwa nyumbani, mzee mmoja wa kikundi aliuliza wenzake wale saba wamekwenda wapi, maana alimsikia mtu mmoja tu.

Mzee yule alisikia kweli. Mikono minane si mkono mmoja uliozidishwa kwa nane. Kila dufu lina ngozi yake, kila kiganja kina uzito wake, na mapigo yao hayaanguki pamoja kabisa; yapo yanayotangulia kwa nukta ndogo na yapo yanayofuata. Upana wa sauti ya kundi umo humo katika tofauti hiyo. Ukiifuta, kundi huwa mtu mmoja. Tena maulidi hayaendi kwa mwendo mmoja. Huanza polepole, hupanda kadiri nyoyo zinavyopanda, na kiongozi ndiye ajuaye lini akaze na lini alegeze. Mlio wa saa katika masikio haujui qiyamu imekaribia.

Hatusemi kwamba kusahihisha ni haramu. Pigo moja lililoteleza katika usomaji uliokuwa mzuri laweza kurekebishwa, kama mwandishi afutavyo neno alilokosea. Wala hatuwalaumu mafundi wote, kwani fundi hufanya alichoombwa na alicholipwa, na chumba chake huenda hakitoshi watu wanane. Tunalosema ni kwamba kikundi kiulize kabla ya kulipa: Mtaturekodi sote pamoja? Mtatufuata sisi, au sisi tutaifuata saa yenu? Kama chumba ni kidogo, ukumbi wa madrasa wenye mazulia, katika saa ya utulivu, pamoja na maikrofoni mbili za kuazima, huenda ukatoa sauti ya kweli zaidi kuliko studio ya fahari.

NASAHA KWA NYUMBA ZETU

Kwa vikundi: jifunzeni kwanza, ndipo mwende studio. Fedha nyingi hupotea kwa kufanya mazoezi mbele ya fundi anayehesabu saa. Someni kaswida nzima mara tatu kutoka mwanzo hata mwisho, kisha chagueni usomaji ulio bora.

Kwa mafundi vijana: hifadhini sauti ghafi, yaani ile iliyonaswa kabla ya kuguswa. Irekodiwe kwa biti 24 na vipimo 48,000 kwa kila sekunde, iwekwe katika faili zisizobanwa, na ihifadhiwe mahali pawili mbalimbali. Kaswida yaweza kuchanganywa upya baada ya miaka 20 na fundi mwenye maarifa zaidi, lakini iliyopotea haichanganywi. Tena andikeni majina ya wapigaji wote, mahali, tarehe, na jina la pigo. Sahani nyingi za zamani zimetufikia na jina la mwimbaji peke yake, na waliopiga hawajulikani hata makaburi yao.

Kwa wazazi: madufu ya hedifoni yana hatari yake. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 zaidi ya saa 40 kwa juma, na kwa watoto kiwango ni kidogo zaidi, desibeli 75. Sikio likiharibika ndani halioti tena kama ukucha. Kijana afanyaye kazi ya kuchanganya sauti achanganye kwa sauti ya chini, apumzike kila baada ya muda, na adhana ikiadhiniwa basi hiyo iwe ndiyo mapumziko yake.

Na kwa wazee wetu wenye mapigo ya kale: msiseme kwamba studio ni mambo ya watoto. Nendeni nao. Ketini jamvini mbele ya maikrofoni kama mketivyo katika maulidi, na fundi akiwaomba jambo lisilofaa mwambieni kwa upole kwamba halifai. Fundi ana elimu ya mitambo, nanyi mna elimu ya dufu. Elimu mbili hizi zikiketi pamoja, kizazi kijacho kitapata kitu cha kushika.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi sauti za wazee wetu pamoja na umri wao, awape vijana wetu subira ya kujifunza, na azifanye kaswida zetu kuwa ni zenye kuleta mapenzi ya Mtume wake katika kila nyumba zinamofika. Amin.